Robo Saa Hadi Ronaldsay ya Kaskazini

Niliondoka Birmingham kwa ajili ya uchumba usio wangu. Nalisema hilo mapema, ili ndugu mlioko nyumbani msije mkadhani nilikwenda ncha ya kaskazini ya Uskochi kutafuta elimu. Elimu nilikuwa nayo tayari, nyingi kupita kiasi, na mtaona jinsi ilivyonisaidia.

Kijana wetu Mwakio alikuwa anamaliza masomo ya uhandisi, na mwisho wa kiangazi hicho, katikati ya miaka ya sabini, alitakiwa kurudi Kenya. Alikuwa amempenda Inga, muuguzi mwenye nywele za rangi ya shayiri na ucheko wa kukufanya usahau ulichotaka kusema. Inga naye alimpenda, lakini alikuwa ametamka neno moja na hakulibadilisha: bila ridhaa ya baba yake haolewi. Baba yake alikuwa mkulima wa kisiwa kiitwacho Ronaldsay ya Kaskazini, kimojawapo cha visiwa vya Orkney, pale ambapo ramani ya Uingereza inakaribia kuisha. Kama jibu lisingepatikana kabla Mwakio hajaondoka, angeondoka peke yake, na sote tulijua kwamba hapo mambo yangekuwa yamekwisha.

Nyumbani wangekwenda baba zake wadogo. Birmingham hakukuwa na baba mdogo, kulikuwa na sisi. Baba yake Mwakio akatuma neno kwamba twende badala yake, watu watatu. Msemaji awe Mzee Mwadime, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha magari na kukaa mtaa wa Northfield, mtu mkubwa kwa umri, kwa sauti na kwa kiuno. Wa pili awe Mama Wakesho, shangazi yake Mwakio, muuguzi wa miaka mingi ambaye hata madaktari walimwamkia kwanza. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu nilisoma jiografia chuo kikuu na niliwahi kuandika makala magazetini, sifa ambazo katika kikao cha posa hazina kazi yoyote.

Kikao cha kupanga safari kilifanyika sebuleni kwa Mzee Mwadime. Nilifungua atlasi ya watoto wangu, nikachukua uzi wa kushonea wa mke wangu, nikaunyoosha kutoka uwanja wa ndege wa Kirkwall, ulio mji mkubwa wa visiwa hivyo, hadi uwanja wa Ronaldsay ya Kaskazini. Nikaulinganisha na kipimo cha ramani.

“Maili thelathini na kitu,” nikatangaza. “Kwa ndege ndogo ni robo saa. Tunatua asubuhi, tunazungumza, tunaipanda ndege ile ile ikirudi alasiri.”

“Robo saa?” Mzee Mwadime alisema. “Mimi hata basi la kwenda mjini huwa nalingoja zaidi ya hapo.”

“Ndiyo sayansi hiyo, mzee.”

“Na ukungu?” mke wangu aliuliza kutoka mlangoni.

Atlasi haikuwa na ukungu.

Mama Wakesho alikuwa na jambo jingine. “Desturi mnaijua,” alisema, akitutazama kama wagonjwa wakaidi. “Hatugusi chakula chao mpaka neno letu lisikilizwe. Tukila kwanza, tutaonekana tumefuata sahani. Profesa, umesikia?”

Profesa ni mimi. Hilo ni jina la kejeli, lakini nimelizoea.

Jumamosi tulikwenda mtaa wa Small Heath kununua zawadi, katika duka la Bwana Kantilal kwenye barabara ya Coventry. Zamani alikuwa na duka Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa bado na vumbi la kule. Alitutazama tulipochagua majani ya chai.

“Hiyo pakiti ndogo ndiyo ya kuposea?” aliuliza. “Mnataka kuaibisha Kenya nzima? Chukueni kubwa. Na mama, blanketi la mama mkwe liko wapi?”

Tukatoka na chai, mablanketi mawili mazito, sukari, na sufuria ambayo mpaka leo sijui nani aliinunua. Vyote vikaingia katika sanduku moja la bati.

Jumatatu asubuhi, stesheni ya New Street. Nusu ya Wakenya wa mji walikuja kutusindikiza, kana kwamba tunakwenda vitani. Waliimba wimbo mmoja wa kanisani, mtu akaomba sala ndefu, na mlinzi wa treni akasimama na filimbi mdomoni mpaka tuliposema amina. Mwakio alikuwa pale, amevaa tai. Alinishika mkono, akashindwa kuuachia.

“Profesa, mwambieni baba yake kwamba mimi…” alianza.

“Tutamwambia,” Mzee Mwadime akanguruma. “Kazi yako wewe ni kubaki hapa.”

Tulipita mashamba, kisha viwanda, kisha mashamba tena, na kadiri tulivyopanda kaskazini ndivyo chai ya kwenye treni ilivyozidi kuwa nyeusi na watu walivyozidi kuwa wapole. Tulilala Aberdeen. Siku ya pili tukapanda ndege ya kwenda Kirkwall, na Mzee Mwadime akatumia safari nzima kuifanyia mazoezi hotuba yake. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilianza na mababu.

Kirkwall, Jumatano asubuhi. Ndege ya kwenda kisiwani ilikuwa ndogo kama gari lililoota mabawa, na rubani, kijana aliyevaa sweta, alikuwa akipakia mwenyewe masanduku ya vifaranga waliokuwa wakipiga kelele ndani. Karani wa uwanja akatuita mmoja mmoja tupande kwenye mizani. Ilikuwa mizani ya magunia. Mama Wakesho alipanda kwa heshima. Mimi nilipanda nikiwa nimebana pumzi, kana kwamba hewa ina uzito. Mzee Mwadime alipopanda, karani alitazama mshale, akamtazama rubani, akalitazama sanduku letu la bati.

“Samahani sana,” alisema. “Bwana huyu au sanduku. Vyote viwili, leo haiwezekani.”

Tukasogea pembeni kushauriana. Nilianza kueleza kwamba msemaji ndiye roho ya ujumbe wowote, lakini Mama Wakesho hakuningoja.

“Posa bila zawadi ni matembezi,” alisema. “Mzee, utabaki.”

“Mimi?” Mzee Mwadime alisema. “Nibaki, sufuria iende?”

“Sufuria haina maneno mengi.”

Alisimama kidogo akipumua. Kisha akanipa bakora yake, ile aliyokusudia kuishika wakati wa kusema. “Anza na mababu,” aliniambia. “Usikimbie.” Nikaelewa wakati huo kwamba msemaji sasa ni mimi, mtu ambaye kwenye posa yake mwenyewe wajomba zake walimwambia akae nje na asikohoe.

Tukaruka. Chini yetu bahari ilikuwa ya kijivu na visiwa vilikuwa vimetandazwa kama mikeka ya kijani iliyoanikwa, kila kimoja na nyumba chache na ng’ombe wasioinua kichwa. Rubani alikuwa karibu nami kiasi cha kumgusa bega. Vifaranga walilia njia nzima. Tulipotua kwenye uwanja wa majani nilitazama saa. Robo saa, na dakika chache za adabu. Nilimwonyesha Mama Wakesho.

“Nimeona,” alisema. “Sasa beba sanduku.”

Sanduku halikubebeka. Kando ya uwanja alikuwa amesimama mtu mrefu mwenye kofia ya zimamoto na mpira wa maji mkononi, tayari kutuzima kama tungewaka. Mama Wakesho akamwita kwa mkono. “Baba, tusaidie hili.” Yule mtu akaweka mpira chini, akalinyanyua sanduku begani, akalipeleka kwenye trekta. Kisha akavua kofia, akaifuta kwa kiwiko, na kutusalimia kwa mkono.

“Mimi ndiye Magnus,” alisema. “Baba yake Inga. Karibuni.”

Mama Wakesho alipanda trekta akitazama bahari mpaka tulipofika nyumbani kwake.

Nyumba ilikuwa ya mawe, imeinama kidogo kwa ajili ya upepo. Kisiwa kizima kimezungushiwa ukuta wa mawe makavu, na kondoo wanaishi upande wa nje, ufukweni, wakila mwani. Nilitaka kuuliza habari zake, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mkewe, Bibi Jessie, mwanamke mdogo mwenye mashavu mekundu. Nyuma yake niliiona meza.

Nitaieleza meza hiyo, maana niliitazama kwa muda mrefu. Kulikuwa na mikate ya shayiri, bado ya moto. Kulikuwa na jibini, mayai ya kuchemsha, nyama ya kondoo iliyokatwa vipande vinene, keki mbili, na birika la chai lililovishwa kofia ya sufu. Sisi hatukuwa tumekula tangu jana yake jioni, kwa sababu Mama Wakesho aliona hata kifungua kinywa cha Kirkwall ni hatari kwa msimamo wetu.

“Kaeni mle,” Bibi Jessie alisema.

“Asante sana, mama,” Mama Wakesho akajibu. “Tuko sawa.”

Nikashika bakora. “Bwana Magnus,” nilianza, “tumekuja kutoka mbali, na babu zetu…”

“Kuleni kwanza,” alisema Magnus.

“Asante. Babu zetu walikuwa na desturi…”

“Chai itapoa.”

Akanyamaza. Sijapata kuona mtu anayejua kunyamaza kama yeye. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kisiwani kwao mgeni hasemeshwi jambo la maana akiwa na njaa, kwa kuwa huko ni kumdhulumu. Wakati ule nilichokiona ni mtu anayekataa kutusikia. Naye alichokiona ni watu wawili wanaokataa mkate wake. Tumbo langu likatoa sauti ambayo hata kondoo wa nje waliisikia, na nikakohoa kuifunika.

Bibi Jessie akaondoa nyama. “Labda hamli nyama,” alisema. Akaleta samaki. Tukamshukuru. Akaondoa samaki, akasogeza mayai. Tukamshukuru. Kila tulivyoshukuru ndivyo uso wake ulivyozidi kushuka, na mwishowe akaingia jikoni na kukaa huko. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu bila chombo kuoshwa.

“Mama,” nilinong’ona kwa Kiswahili, “tunamvunja moyo huyu mwanamke.”

“Na mimi wangu haujavunjika?” Mama Wakesho alinong’ona. “Nimeamka na tumbo tupu kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu. Nikila sasa, nitamwambia nini Mwakio? Kwamba nilifuata keki?”

Alasiri ilifika hivyo. Magnus akatazama nje, akachukua kofia yake ya zimamoto, maana zamu ya zimamoto uwanjani ilikuwa yake. Ndege ilikuwa inakaribia, na baada ya hapo isingekuja tena siku hiyo. Mama Wakesho alibaki akingoja kuitwa, nami nilimfuata Magnus uwanjani nikiwa na bakora yangu ya bure, nikijua kwamba tukipanda ndege hiyo nitarudi kwa Mwakio bila jibu, bila hata swali kuulizwa.

Lakini ukungu ulikuwa umeingia. Ulitoka baharini taratibu, ukameza ukuta, ukameza trekta, ukatufikia miguuni. Tulisimama kando ya uwanja tukisikiliza. Ndege ilikuja. Tuliisikia juu ya vichwa vyetu, ikazunguka, ikazunguka tena, kisha mlio wake ukarudi kusini na kwisha. Magnus akaukunja mpira wake wa maji.

Nilimkumbuka mke wangu mlangoni.

Tukarudi tukifuata ukuta, maana hakukuwa na kingine cha kufuata. Katikati ya njia Magnus akasimama.

“Mke wangu anataka kujua amewakosea nini,” alisema bila kunitazama.

Nikamweleza. Sikutumia mababu. Nilisema tu kwamba kwetu mtu aliyetumwa kuomba binti hali chakula cha wenyewe kabla hajasikilizwa, na kwamba tumekaa na njaa kwa kuwaheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Upande wa pili wa ukuta kondoo mmoja alikuwa anatafuna mwani kwa sauti.

“Kwa hiyo mmekaa na njaa kwa heshima,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na mimi nimewanyamazia kwa heshima.”

“Inaelekea hivyo.”

Alitazama huku na huku ndani ya ukungu. “Hapa hakuna meza,” alisema. “Ngoja.”

Akaniacha na kondoo. Aliporudi alikuwa na Bibi Jessie, aliyejifunga shali, na Mama Wakesho, aliyekuwa amevaa koti la mtu mwingine. Tukasimama wanne kando ya ukuta, unyevu ukitutiririka usoni, mahali ambapo hapakuwa na sahani ya kukubali wala ya kukataa.

“Haya,” alisema Magnus. “Sema.”

Hotuba yote ilikuwa imenitoka. “Tumetumwa na baba yake Mwakio,” nilisema. “Kijana wetu anataka kumwoa Inga. Tumekuja kuwaomba.”

Magnus akauliza, “Huko atakakompeleka ni mbali kiasi gani?”

Ndugu zangu, hilo lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimelisomea. “Kwa ndege kubwa kutoka London,” nilianza, na mkono wangu ulikuwa tayari umenyoosha uzi hewani.

“Ni mbali,” Mama Wakesho akanikata. “Huyu atakwambia saa. Mimi nakwambia ni mbali. Mama yangu alifariki nikiwa Birmingham, na sikumzika. Sitawadanganya.”

Bibi Jessie akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Basi kwa nini unakuja kuniomba mwanangu aende huko?”

“Kwa sababu mimi nilikuja huku kwenu peke yangu, wala hakuna aliyenisindikiza au kuuliza kama nina watu. Inga atakuwa na watu. Nikistaafu narudi kwetu, na kutoka mlangoni kwangu utawaona kina Mwakio wakianika nguo. Mimi ndiye shangazi yake. Akiumwa, nitakuwa pale. Na mmeshaona tunavyomwendea mtu wetu.” Akavuta lile koti kifuani. “Kwa treni, kwa ndege, na kwa njaa.”

Bibi Jessie alicheka huku machozi yakimtoka, au labda ulikuwa ukungu. Magnus aliweka kiganja juu ya jiwe la ukuta, akalitikisa kuona kama limekaa vizuri.

“Sitajibu leo,” alisema. “Nitakuja Birmingham nimtazame kijana. Lakini neno lenu nimelisikia.”

“Limesikilizwa?” Mama Wakesho alitaka kuhakikisha.

“Limesikilizwa.”

“Basi twendeni tukale,” alisema, na akatangulia yeye, ndani ya ukungu, bila kukosea mlango.

Sitasema nilikula mikate mingapi. Bibi Jessie alisimama nyuma yangu akiongeza, na kila alipoongeza alionekana amepungua miaka.

Ukungu ulikaa siku mbili. Magnus alinichukua kukarabati ukuta, nikapanga mawe kwa uangalifu wa msomi, na nilipogeuka nikamkuta anayapanga upya kimyakimya. Mama Wakesho alimfundisha Bibi Jessie kuchemsha chai pamoja na maziwa, ndani ya ile sufuria, ambayo hatimaye ilipata sababu ya kusafiri.

Ijumaa mbingu zilifunguka na ndege ikatua. Kirkwall, robo saa baadaye, tulimkuta Mzee Mwadime uwanjani akiwa mnene zaidi ya tulivyomwacha. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amemlisha samaki asubuhi, mchana na jioni.

“Nawe ulikula?” Mama Wakesho aliuliza.

“Pale sikuwa naposa,” alijibu.

Nilimrudishia bakora. Kwenye treni ya kurudi nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Uzi haukukosea: kati ya viwanja vile viwili ni robo saa kweli, kwenda na kurudi. Kilichotuchukua kutwa nzima ni hatua chache za kutoka mlangoni hadi mezani, na hizo hakuna atlasi inayozionyesha. Nilidhani nimejifunza vya kutosha kwa mtu wa umri wangu.

Northfield, nyumbani kwa Mzee Mwadime, wiki chache baadaye. Masanduku ya Mwakio yalikuwa yamefungwa, zimebaki siku chache aondoke, ndipo Magnus na Bibi Jessie walipofika kwa treni. Magnus alikuwa amevaa suti iliyonuka dawa ya nondo. Tulikuwa tumefanya kikao na kukubaliana kwamba safari hii tufuate desturi yao. Mama Wakesho alipika pilau tangu alfajiri. Inga alitoka kazini moja kwa moja, bado na sare, akakaa mkabala na Mwakio, na hakuna kati yao aliyejua aangalie wapi.

“Karibuni chakula,” alisema Mzee Mwadime.

Magnus aliweka mikono magotini. “Hapana,” alisema. “Neno kwanza.”

“Kula kwanza, bwana.”

“Neno kwanza. Tumeshajifunza.”

“Na sisi tumejifunza!” alisema Mzee Mwadime, akaanza kutoa jasho.

Pilau ilitoa mvuke katikati yetu. Hakuna aliyesogea. Mwakio alikuwa amepauka. Bibi Jessie ndiye aliyeinuka, akaenda dirishani, akachungulia.

“Kuna ukuta huko nyuma,” alisema.

Tukatoka wote uani, tukapita chini ya mashuka yaliyoanikwa, mpaka kwenye kiukuta cha matofali kinachoitenga nyumba hiyo na ya jirani. Jirani mwenyewe alikuwa upande wa pili na vibanio vya nguo mdomoni, na kwa adabu alibaki hivyo hivyo. Magnus alimtazama Mwakio kwa muda, kama alivyokuwa akiyatazama mawe.

“Atakuwa mbali,” alisema. “Najua huwezi kumleta kila mwaka. Lakini utamleta.”

“Nitamleta,” Mwakio alisema.

“Na ukungu ukiingia, utangoja.”

“Nitangoja.”

Magnus akamgeukia binti yake, akamwitikia kwa kichwa mara moja. “Basi nimekubali.”

Inga alimkumbatia baba yake kwanza. Mama Wakesho alijifuta macho kwa pembe ya shuka la watu. Tuliporudi ndani pilau ilikuwa imepoa kabisa, na tuliila hivyo hivyo, tukigombania ukoko.